Aliyeuambia Ukuta Pole

Tarehe 4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nawaombea heri wewe, wifi, watoto na Mama. Msomee Mama barua hii polepole, na akisema "rudia hapo," rudia. Si ndiyo maana tukaacha simu? Anasema simu ikikatika maneno yamekwenda na upepo.

Nianze na mabaya niyamalize. Yule kontrakta uliyemtafuta kabla hujaja kumchukua Mama ametoroka. Aling'oa sinki, akang'oa na choo, akatoboa ukuta wa bafu upande wa uani, kisha akasema anakwenda kufuata bomba. Bomba gani hilo la kufuatwa mpaka leo? Naoga kwa jirani kama mgeni, na paka wote wa mtaa wameshajua kwamba nyumba ya Mama sasa ina mlango wa tatu.

Mazuri ni haya: nimepata kontrakta mwingine. Kila niliyemuuliza alitaja mtu yule yule. Mafundi wake wanamwita Bwana Pima, kwa sababu kitu akishakipima anakipima tena, halafu anakitazama kama hakiamini. Alipokuja hakuniambia "hii kazi ndogo." Alikwenda bafuni moja kwa moja, akaweka kiganja ukutani kama anayempima mtoto homa, akagonga, akasikiliza. Kabla ya kushika nyundo aliuambia ukuta, "Pole."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Umebeba nyumba miaka yote hii, halafu mtu anakuja kukutoboa bila hata salamu."

Kesho wanaanza. Nimemweleza kwamba Mama amevunjika nyonga, na daktari amesema hatatembea tena, kwa hiyo kila kitu kifikirie kiti cha magurudumu. Aliuliza, "Yeye mwenyewe anataka nini?" Nikagundua hatujamuuliza. Muulize.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Tarehe 17 Machi

Kitinda,

Marahaba. Huku hatujambo, Mama yu mzima, anakula vizuri. Ghorofa yetu ndiyo inayomchosha, maana kumshusha ngazi mpaka chini ni kazi ya watu wawili, nami zamu za kiwandani hazinipi nafasi. Wifi yako anamsaidia kuoga na mengine yote bila kinyongo. Usiwe na wasiwasi.

Mama aliniambia nirudie hapo kwenye ukuta. Nikarudia. Akasema tena. Nikarudia. Akatabasamu, kisha akasema, "Haya, endelea." Sijui alifurahia nini.

Nimemuuliza anachotaka. Naandika kama alivyosema: "Andika, kwanza bafu. Mengine yote yasubiri. Pili, jiko lishuke, nipike nikiwa nimekaa, sitaki kuletewa chai kama mzee. Tatu, asinichagulie rangi ya hospitali. Nne, mwambie huyo bwana asante kwa kuuliza." Hiyo ya nne alinitazama sana wakati naiandika.

Mimi naongeza la tano: mchunge. Kontrakta wote ni watamu siku ya kwanza. Jina lake hasa nani? Bwana Pima si jina la mtu.

Kaka yako

*

Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Umeniambia nimchunge, basi nimemchunga. Sikiliza niliyoyaona.

Juzi alikwenda zahanati akaazima kiti cha magurudumu. Asubuhi akaketi, akawaambia mafundi wake, "Leo miguu yangu haipo. Atakayenisaidia bila kuombwa, simtaki." Akazunguka nyumba nzima. Kizingiti cha sebuleni kilimzuia, akagonga, akarudi nyuma, akagonga tena mpaka magurudumu ya mbele yakapanda. Jikoni alijaribu kuchemsha chai. Birika alilifikia kwa ncha za vidole, maji yakamwagikia mapajani, bahati yalikuwa hayajapata moto. Kwenye mlango wa bafu alikwama. Alijigeuza huku na huku hadi ngozi ya vidole ikachubuka. Mafundi wakaanza kuangua kicheko.

Basi akateremka, akawaketisha mmoja baada ya mwingine. "Nenda kanawe mikono, urudi." Hakuna aliyecheka tena.

Jioni aliniita. Alikuwa amechora mlango mpya. Ule wa kwanza aliochora ulikuwa unafungukia ndani. Akasema, "Mama angeingia, asingeweza kuufunga nyuma yake. Ningemjengea bafu la kuogea mlango wazi." Sasa utakuwa wa kuteleza pembeni, wenye komeo linalofikika mtu akiwa amekaa, na laini kiasi cha kusukumwa kwa mkono mmoja.

Na tena: fundi wa plasta alimaliza ukuta wa uani, mimi nikauona umenyooka kama karatasi. Bwana Pima akaegemeza ubao, akaona mwanga chini yake. Hakumgombeza mtu. Alivua saa, akachukua mwiko, wakaubandua pamoja na kuupiga upya, yeye upande huu, fundi upande ule, huku wakibishana ni nani anaoga maji ya baridi.

Mimi nashona nguo za watu, najua mtu anayefumua kazi yake mwenyewe bila kushurutishwa. Ni wachache, Kaka. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Jiko limeshushwa. Bado halijapakwa, usiniulize rangi.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Tarehe 14 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani, na wifi yako ameuliza kama huyo bwana ana mke. Unavyomsifu, hata mimi nimeanza kumpenda.

Nikwambie ukweli wa moyo wangu. Laiti ungekutana na mtu kama huyu mapema, badala ya yule uliyeolewa naye. Sijasahau siku uliporudi nyumbani na masanduku yako, hukulia, hukusema, ulikaa tu sebuleni na viatu miguuni. Yule naye alijifanya kontrakta. Mtu ambaye paa la nyumba yake lilivuja juu ya kitanda cha mkewe! Ndiyo tofauti ya jina la kazi na kazi yenyewe.

Nimemwandikia Bwana Pima barua fupi, iko ndani ya bahasha hii. Mpe kwa mkono wako. Mama yu mzima, anasalimu.

Kaka yako

*

(Ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Ndugu Bwana Pima,

Salamu nyingi. Hatujawahi kuonana, lakini dada yangu ananiandikia habari zako, na mimi si mwepesi wa kusifu. Nilipata habari ya kiti cha magurudumu nikiwa kwenye kelele za mitambo, ikabidi nitoke nje kidogo. Sisi wanawe hatukufikiria kuketi humo hata mara moja.

Nitamleta Mama mwishoni mwa Mei. Nitafurahi ukiwepo, nikushike mkono. Hii nyumba ihesabu kama ya ndugu zako.

Ni mimi, mwana mkubwa wa nyumba unayoijenga

*

Tarehe 22 Aprili

Ndugu yangu,

Nawasalimu wote. Barua yako dada yako alinipa mwenyewe. Aliishika kwanza kwa muda, kisha akanipa. Niliifungua nikiwa juu ya ngazi, nikashuka. Maneno kama yale hayasomwi juu ya ngazi.

Umeandika kwamba hatujawahi kuonana. Tumeonana. Mara ya mwisho ulikuwa umesimama kwenye geti la nyumba hii, ukaniambia nikikanyaga tena kizingiti chenu utanivunja miguu. Mimi ndiye niliyekuwa mume wa dada yako.

Aliponifuata kwenye kazi nyingine kuniomba, nilimpa sharti moja tu: kaka yake ajue. Aliniambia unajua na umekubali. Simlaumu. Mtu mwenye tundu ukutani na mama asiye na pa kurudi husema litakalomfaa. Lakini leo nimejua kwamba hujui, na siwezi kujifanya sijajua.

Ili usiwaze mengine: nina mke na watoto. Mke wangu anajua niko hapa tangu siku ya kwanza. Nilipomuuliza alisema, "Nenda. Yule mama alikuita mwanangu." Ya zamani sitayaeleza, mwenye haki ya kuyaeleza ni dada yako, na akiyaeleza atakuwa amesema kweli.

Nimesimamisha kazi. Jiko limekwisha. Bafu vigae vimekaa, maji yanatoka, bado vyuma vya kushikia na mlango. Mteremko wa mbele zege lake linakauka, nimeacha mtu wa kulimwagia maji lisipasuke. Nyumba ni yenu, na mtu haingii nyumba ya watu kwa mlango wa uongo, hata akiwa na mwiko mkononi. Ukisema niondoke, nitatafuta fundi mzuri nimwonyeshe kila bomba lilipopita, asije akabahatisha.

Sifa zako nazirudisha. Ulimpa mtu usiyemjua.

Kontrakta

*

Tarehe 29 Aprili

Kitinda,

Atoke.

Ulinifanya niandike "nyumba ya ndugu zako" kwa mtu yule. Ulinisoma nikimsifu, ukanyamaza. Njia ya mwongo fupi, umeona sasa ilipokufikisha. Na kama unapasha kiporo, sema, nijue namleta Mama nyumbani au kwenye mchezo wa kuigiza.

Mama sijamwambia. Sitaki ajue.

Kaka

*

Tarehe 6 Mei

Kaka,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Nilikudanganya wewe na nilimdanganya yeye, na una haki ya kukasirika. Lakini hilo la kiporo, hapana. Kiporo hupashwa na mwenye njaa. Mimi nimeshiba.

Nikueleze kitu ambacho sijawahi kukueleza kwa sababu nilikuwa sikijui. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwona akifanya kazi. Alikuwa akitoka kabla sijaamka, akirudi ana vumbi mpaka kwenye nyusi, analala. Alikuwa fundi wa kila nyumba isipokuwa yetu. Nilidhani huko anakokwenda kuna starehe fulani ananinyima. Mwisho nikachoka kumsubiri, nikafunga masanduku yangu. Hakunifukuza, Kaka. Wewe ulinikuta sebuleni, hukuuliza, ukakimbilia getini alikokuwa amenifuata.

Sasa nimekaa na cherehani yangu pembeni ya sebule, namwona toka asubuhi. Nimemwona akimngoja fundi mzee apumue bila kumwonyesha kwamba anamngoja. Nimemwona akilala chali chini ya sinki, mahali ambapo hakuna macho ya mtu yatakayofika, akilainisha saruji kwa kidole. Siku mkewe alipomletea funguo alizosahau, alimtembeza nyumba nzima, na yule mama akashika ukingo wa jiko akasema, "Hapa mtu hataungua." Wamezungumza lugha moja hao. Mimi ile lugha sikuijua, nami sikupewa mwalimu. Haifuti kitu. Paa letu lilivuja, na maji yaliyoniangukia yaliniangukia. Lakini nimekiona kile kilichokuwa kikimchukua, na si kitu cha aibu. Nimejikuta najivunia kwamba niliwahi kumjua.

Unataka nimfukuze kwa sababu hakuwa mume mzuri. Simtaki kuwa mume. Namtaka awe kontrakta, na katika hilo sijaona wa kumfikia.

Amefunika kila kitu kwa maturubai. Nyumba imenyamaza kama yenye msiba. Mlango wa bafu umeegemea ukutani, haujawekwa. Wewe ndiye utakayesema.

Kitinda

*

Tarehe 14 Mei

Mwanangu,

Haya ni maandishi yangu mwenyewe. Usiyacheke, mkono umesahau njia. Wifi yako ndiye atakayeituma, kaka yako yuko zamu.

Kwanza, acheni kunificha mambo kama mtoto. Mimi nilijua tangu barua ya kwanza. Duniani nimemwona mwanamume mmoja tu anayeupa ukuta pole. Ni yule aliyenitundikia kabati la vyombo mwaka ule mlipooana, nami nikamwuliza, "Unaongea na nani, mwanangu?" Nikanyamaza kwa sababu nilitaka bafu langu liishe. Usiniige, mimi ni mzee, naruhusiwa.

Pili, kaka yako naye anakuficha. Kila barua anakuandikia "Mama yu mzima." Nililazwa hospitali kabla ya mwezi huu kuanza. Daktari alisema mwili umekauka, figo zinalalamika. Akaniuliza kwa nini sinywi maji. Nikamwambia sipendi tu, basi. Wewe nitakwambia kweli kwa kuwa ni mwanamke. Nikinywa, nitahitaji kwenda. Nikihitaji kwenda, anitwae mtu, anivue mtu, asimame mtu anisubiri. Mkwe wangu ni mwema, Mungu amlipe, anageuza uso ukutani. Lakini yupo. Niliwafunza nyinyi wote kufunga mlango, na mimi sina mlango. Basi nimeona heri kiu.

Juzi nilimsikia kaka yako anasoma barua yako chumbani, anafoka peke yake. Nikamwita. Nikamwambia yote haya, hili la maji pia. Alikaa chini sakafuni kama alivyokuwa akikaa akiwa mdogo. Akasema, "Mama, niliapa." Nikamwambia, "Uliapia miguu ya mtu mwingine. Yangu ndiyo iliyovunjika. Haya, kiapo chako kinibebe mpaka chooni tuone."

Alikunja uso siku nzima. Lakini jioni alikuja na glasi ya maji, akaniwekea karibu, akatoka, akavuta mlango.

Nampenda mwanangu. Ana kichwa cha baba yenu.

Mama yenu

*

Tarehe 16 Mei

Bwana Pima,

Endelea na kazi, tafadhali.

Nimeiandika barua hii mara nyingi nikaichana, kwa hiyo nitasema machache. Nilikufokea getini bila kuuliza. Ungeweza kupokea sifa zangu ukakaa nazo kimya, nisingejua mpaka nifike. Hukufanya hivyo. Mimi katika kiwanda ninakofanya kazi sijui kama ningeweza.

Sifa ulizozirudisha zimenifikia. Nakutumia tena zile zile, sasa namjua ninayempa.

Weka mlango kwanza. Mama anausubiri kuliko sisi sote.

Kaka wa Kitinda

*

Tarehe 31 Mei

Kwako Kontrakta,

Salamu kwako na kwa mama watoto. Nakuandikia kwa sababu hukuja. Nilikutumia mtu mara mbili, ukajibu kwamba siku ya mtu kuingia kwake ni ya watu wa nyumbani. Kaka alisikitika. Alikuwa amevaa shati la kwenda kukushika mkono. Ameniomba nikuandikie mimi, anasema yeye akianza hatamaliza.

Walifika mchana. Kaka alisukuma kiti kwenye mteremko, akajiandaa kukaza misuli, kumbe haikuhitajika, kikapanda chenyewe kama kinachokwenda kwao. Mama akasema, "Niache." Akajisukuma mpaka sebuleni. Aliingia kila chumba akiwa peke yake, sisi tukimfuata nyuma kama wageni. Jikoni alifungua bomba, akafunga, akafungua tena. Ile rangi ya kijani uliyomchagulia aliipapasa, akasema, "Huyu ananijua."

Kaka naye alikagua kama polisi. Aliinama, akapiga magoti, mwisho akaingiza mkono chini ya sinki, kule ulikolala chali. Akapapasa. Akautoa mkono, akautazama, hauna hata chembe ya saruji. Akasema, "Mh." Unaijua hiyo "mh" yake. Hiyo kwake ni hotuba nzima.

Halafu Mama akaomba maji. Kaka akakimbia kuyaleta. Akanywa glasi nzima bila kuishusha, akaomba nyingine, akainywa huku anamtazama Kaka machoni. Wifi akageuka, akajifanya anakunja shuka. Baada ya muda Mama akageuza kiti, akaelekea bafuni. Nikainuka. Akaninyooshea kidole: kaa. Tukasikia mlango ukiteleza, taratibu, kisha komeo, tk.

Sijui nikuelezeje ile sauti ya komeo. Wewe unayaweka makomeo katika nyumba za watu kila siku, sijui kama kuna anayekwambia.

Tulisimama pale nje watu wazima watatu, tumetega masikio. Muda ukapita. Maji yalisikika, yakanyamaza. Ukapita tena. Kaka akaanza kutokwa na jasho, mimi namwambia kwa ishara asubiri. Hakuweza. Akasogea, akaweka kiganja chake ukutani, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole. "Mama? Mama, uko salama?"

Na sauti ikatoka ndani, ile sauti ya zamani ya mwenye nyumba yake, ambayo hatukuwa tumeisikia tangu aanguke:

"Kuna mtu!"

Kaka aliegemea ukuta akacheka mpaka akateleza chini, akakaa sakafuni anacheka na machozi yanamtoka. Mama hata hakuuliza kulikoni. Alifungulia maji yote, akaanza kuoga.

Kitinda